Mapovu ya Eustolia

Eustolia hakai. Hata akila, mguu mmoja uko mlangoni. Nimempelekea kuni miaka ishirini na sijamwona akimaliza kahawa yake ikiwa bado moto.

Ajabu ni kwamba kazi yake ni ya kusubiri. Mkonge unakomaa miaka minane, unaokwa shimoni siku nne, unachachushwa, kisha unapikwa polepole katika vyungu vya udongo ili mvuke wake upozwe uwe meskali, pombe yetu kali, maana moto ukizidi inaungua na chungu kinapasuka. Yeye husubiri huku akizunguka vyungu, akichomoa ukuni na kuurudisha.

Miaka yote alipima kwa pua na kwa mapovu. Huivuta meskali kwa mrija wa tete na kuiachilia ndani ya kata ya kibuyu. Mapovu yakikaa kama shanga, iko sawa. Yakipasuka upesi, ina kasoro. Lakini tangu ile homa ya mwaka juzi, pua yake ilikufa. Hakumwambia mtu. Mimi nilijua siku aliyosimama juu ya panya aliyeoza chini ya kuni zangu bila kukunja uso, nami nikafunga mdomo.

Wiki hii alipika meskali ya harusi ya Obdulia, kitinda mimba wake. Kwetu kikombe cha kwanza cha wakwe hutoka mkononi mwa mama wa bibi harusi, na kikiwa kibaya, aibu hiyo anazeeka nayo.

Alhamisi asubuhi akavuta kwa tete. Mapovu yakafa. Akavuta tena, yakafa. Akalaumu moto, akalaumu kuni zangu kwamba ni mbichi, akabadilisha maji ya kupoozea, akaanza upya. Kufikia saa sita alikuwa amekwisha kuinamisha mtungi, tayari kumwaga lita ishirini uani. Nilimsihi angoje, akaniambia nikapasue kuni.

Ndipo akaingia Nereida, mke wa mwanawe, na majani ya kufungia tamale, mikate yetu ya unga wa mahindi. Akasimama, akanusa.

"Mama, hiyo kata si ndiyo niliyochotea mafuta ya nguruwe jana? Mbona inanuka mpaka mlangoni?"

Kata ilikuwa chini ya pua ya Eustolia kabisa. Nereida akaitazama, akamtazama mkwewe.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu homa."

Nereida akanigeukia. "Na wewe mjomba ulijua?"

Nikasema nilidhani ni siri yake.

"Siri gani? Ungemwacha amwage?"

Niliona aibu, na bado ninayo.

Mafuta huua mapovu. Nereida akaleta kata nyingine, safi na kavu, akavuta kwa tete. Mapovu yakajipanga ukingoni, yakakaa. Eustolia hakuyatazama. Aliisukuma kata kwa Nereida, yeye ambaye hajawahi kumruhusu mtu aonje kabla yake.

"Onja," alisema. "Uniambie inanuka nini. Yote, usiruke kitu."

Kisha akavuta kigoda, akakaa.