Nyuzi Mbili za Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Spoki, na hapakuwa na haja ya kuuliza sababu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na tangu ujana wake alitengeneza baiskeli katika kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa duka la vyuma. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa masikio. Mafundi wengine wakitaka kunyoosha gurudumu huliangalia, yeye alilisikiliza. Aligonga spoki, zile waya za gurudumu, moja moja kwa ukucha, ting, ting, ting, na ile iliyolia tofauti na wenzake aliikaza au kuilegeza mpaka zote zikasema neno moja.

"Gurudumu zima," alipenda kusema, "ni lile lisilo na mbishi ndani yake."

Masikio hayo hayo hayakumfaa kitu ukweni. Familia ya mke wake ilikuwa ya muziki. Kila Jumapili alasiri wenye sauti waliimba na wenye vidole walipiga. Spoki, ambaye siku yake ya kwanza alipiga makofi nyuma ya wimbo kama mtu anayekimbiza basi, alipewa kiti cha mlangoni na kazi ya kuwafungulia wageni. Miaka sita ikapita, kiti kikawa kile kile. Mama mkwe alimwita "mume wa binti yangu", kwa sauti ya mtu anayesoma anwani kwenye bahasha.

Mama mkwe huyo alipiga gitaa la mapajani. Lilikuwa ubao mrefu mwekundu wenye nyuzi sita, aliouachiwa na marehemu mumewe. Aliulaza juu ya mapaja, mkono mmoja ukidonoa nyuzi na wa pili ukitelezesha kipande cha chuma juu yake, hata gitaa likalia kama mtu anayebembeleza mtoto. Zamani dada yake alikaa pembeni akimjazia sauti nzito kwa gitaa la pili. Sasa dada alikuwa amehamia mbali, vidole vikamkakamaa, na gitaa lake akaligawa.

Jumatatu moja asubuhi mama mkwe aliingia kibandani na kitu kirefu kilichofungwa kwenye shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Binti yangu anasema unajua kukaza waya."

"Waya za baiskeli, mama."

"Waya ni waya. Dada anakuja Jumapili, nami nataka aisikie sauti yake humu. Niongezee nyuzi mbili nzito. Fundi magitaa ananiambia nisubiri miezi miwili." Akalifunua gitaa. "Ila ukiliharibu hili..."

Akaliangalia gitaa, akamwangalia Spoki, akaiacha sentensi hapo hapo. Spoki aliona afadhali angeimalizia.

Alifanya kazi kwa moyo. Alichonga kwa tupa daraja jipya la alumini la kulazia nyuzi, lenye mikato minane. Kichwani mwa gitaa hapakuwa na nafasi ya vigingi viwili zaidi vya kukazia nyuzi, kwa hiyo mkiani alifunga kipande cha chuma, akatoboa matundu mawili na kupitisha humo spoki mbili fupi. Kila uzi mpya aliunasa kwenye ndoano ya spoki. Ukizungusha nati ndogo nyuma ya chuma, spoki inavutwa na uzi unakaza. Mteja mmoja aliyeleta tairi alisimama akashangaa.

"Spoki, wewe si fundi tena. Wewe ni daktari!"

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alhamisi hiyo Spoki alipitisha ukucha juu ya nyuzi zote, na kila moja ikasema lake. Akatikisa kichwa kwa huruma. Miaka yote hii, kumbe hakuna aliyewahi kulinyoosha! Akachukua ufunguo wake, akakaza hii, akalegeza ile, zisikilizane. Zile mbili nzito zilikaidi. Akaziongeza kidogo. Akaziongeza tena.

Gitaa likasema *kraa*, ubao ukapinda kama mgongo wa paka, na ufa mwembamba ukatokea nyuma yake.

"Nenda ukamwambie mama yako," alimsihi mkewe jioni.

"Mimi si posta, baba. Ulikaza peke yako, kaseme peke yako."

"Nitaanzaje?"

"Anza na shikamoo. Mengine yatajipanga."

Ijumaa alikwenda, roho juu, akasema yote bila kupumua. Mama mkwe alimsogelea.

"Zote nane? Mlio mmoja?"

"Ndiyo, mama. Zilikuwa zinabishana."

Mabega ya mama mkwe yakaanza kutetemeka. Spoki alidhani analia, akainamisha kichwa, kumbe mwenzake alikuwa hoi kwa kicheko.

"Miaka sita nadhani hupendi muziki wetu, kumbe ulikuwa unatamani kutuamulia ugomvi!" Akajifuta macho, kisha uso ukamkazika. "Na huo ufa?"

"Nimeupaka gundi na kuubana, mama. Na kule kupinda nakujua. Gurudumu likivutwa upande mmoja, unalivuta na upande wa pili. Nitakaza spoki mbili nyuma ya ubao."

"Basi kesho nakuja. Kukaza ni kwako, kusikia ni kwangu."

Jumamosi mama mkwe alikaa kibandani kwenye benchi la wateja, akawa anaimba sauti ya kila uzi, Spoki akizungusha mpaka gitaa likubali.

"Chini. Chini tena. Aa, umepita, rudi!"

Kila walipokaza mmoja, wengine walilegea. Mama mkwe alitaka kukata tamaa. Spoki hakushtuka hata kidogo, maana hata magurudumu yana tabia hiyo. Walianza upya, kidogo kidogo, mara nne. Mara ya tano gitaa likatulia.

Jumapili Spoki alimfungulia dada mtu mlango, akarudi kitini pake. Wimbo ukaanza. Sauti nzito ilipoingia, dada mtu alifungua mdomo akasahau kuufunga. Lakini katikati ya wimbo uzi wa mwisho ulianza kuteremka, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano. Spoki aliusikia kabla ya wote, akainuka nusu, akasita.

Mama mkwe hakuacha kupiga. "Mkwe wangu!" aliita. "Ufunguo!"

Kwa hatua tatu Spoki alikuwa amechuchumaa gotini pa mama mkwe. Alizungusha nati robo tu, na uzi ukaamka.

"Na huyu anapiga nini?" dada mtu aliuliza.

"Anapiga spoki. Jamani, mleteeni kiti hapa."

Kililetwa kile kile cha mlangoni. Hodi ilipigwa mara tatu alasiri hiyo, na hakuna aliyekwenda kufungua.