Bi Kwanini na Daftari la "Hakuja"

Saa tatu kasoro asubuhi, daktari amekwisha kushuka nusu ya ngazi, begi begani, na hageuki nyuma. Mwalimu wake anamfuata kwa goti moja bovu, amekumbatia bunda la karatasi kama mtu aliyeokoa vitu kwenye moto.

"Mwanangu, simama kwanza."

"Mwalimu, mimi nimesomea kutibu watu. Haya ya kuhesabu vikaratasi mtafutie karani."

Huyu ni wa tatu kumwacha njiani katika miaka mitatu. Mkuu wa idara alishamwambia bila kupepesa macho: huyu naye akiondoka, somo la utafiti litafanywa la hiari. Mwalimu anawajua madaktari wake. La hiari maana yake halipo.

Ana miaka hamsini na tisa. Alianza kazi akiwa muuguzi, akajisomea kidogo kidogo, likizo kwa likizo, mpaka akakabidhiwa kuwafundisha utafiti madaktari wanaosomea udaktari wa familia, wale wanaomtibu mtoto, mama yake na bibi yake katika chumba kimoja. Kila mwaka hupokea kumi na wawili. Wanamwita Bi Kwanini, wakidhani hajui.

"Najua sana," anasema. "Hilo ndilo zuri. Wanayoniita nikishatoa maksi hayaandikiki gazetini."

Kilichomfanya daktari abebe begi ni kazi yake kurudishwa. Alitaka kujua kwa nini wagonjwa wa presha hawarudi kliniki. Akahoji watu mia moja na ishirini, miezi mitatu, majedwali yamenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Jibu likatoka: wote wanarudi.

"Uliwahojia wapi?" mwalimu alimuuliza.

"Kwenye benchi la kliniki."

"Yaani umewauliza waliopo kwa nini hawapo."

"Sasa wasiokuja ningewahoji vipi, mwalimu, na hawakuja?"

Mwalimu anasimulia hayo huku akijipiga paji la uso. "Mtu huyu anasikiliza kifua cha mtoto, anakwambia moyo una tundu. Lakini hili! Nilitaka kulia, nikataka kucheka, nikaona bora nikasirike."

Pale kwenye ngazi hakumbembeleza. "Nipe siku moja," alimwambia. "Vua hilo koti jeupe, na hicho kipimo cha shingoni ukiache. Jioni ukitaka kuondoka, begi nitakubebea mimi."

Wakachukua daftari la kliniki. Majina arobaini na moja yalikuwa na neno moja mbele yake: hakuja. La kwanza lilikuwa la fundi viatu mwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta.

Daktari alianza vibaya. "Mzee, dawa unakunywa kama ulivyoelekezwa?"

"Nakunywa, daktari."

Mwalimu akamfinya. "Hujamuuliza, umemtisha," alimnong'oneza, kisha akajivutia kigoda. "Kaka, hebu tuambie. Siku ya kliniki ilikuwaje?"

Fundi akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja. "Asubuhi ndiyo watu wananiletea viatu. Nikimaliza, naja saa saba. Nimekuja Jumatano nne. Mlango umefungwa. Mlinzi ananiambia madaktari wameondoka tangu saa sita. Sasa dada, nani hakuja? Mimi au ninyi?"

"Saa sita! Wanakwenda wapi?" Mwalimu alimgeukia daktari, hasira zimempanda.

Daktari alikuwa anatazama viatu. "Kwako, mwalimu. Darasani."

Mwalimu alijua kipindi chake ni Jumatano mchana. Hakujua kwamba kliniki inafungwa kwa ajili yake.

Wakarudi kwa miguu hadi karibu na geti la kliniki.

"Hilo nisiliandike?" daktari akauliza. "Mkuu akiliona, somo lako kwisha."

"Andika. Ukurasa wa kwanza."

"Mwalimu..."

"Mwanangu, andika kabla sijabadili mawazo!"

Kwa wiki sita waliwatafuta wote arobaini na mmoja. Waliwapata ishirini na tisa. Kumi na saba kati yao walikuwa wamekuja Jumatano mchana na kukuta mlango umefungwa. Wawili hawakupatikana kwa sababu walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Daktari alifaulu, na sasa yuko kwenye kituo cha afya pembezoni mwa mji. Kliniki ya Jumatano iko wazi hadi saa kumi. Presha ya fundi viatu imeshuka, ingawa habari za kupunguza chumvi hataki kuzisikia. Mkuu wa idara aliisoma ripoti, akaisifu mbele ya kikao, kisha akalihamishia somo la utafiti Jumamosi na kulifanya la hiari. Amepandishwa cheo.

Mwalimu anastaafu mwakani. Amemwandikia daktari yule mara mbili akimwomba aje kuchukua nafasi yake, na daktari amejibu kwamba anafikiria. Mwaka huu wamejiandikisha wanne kati ya kumi na wawili. Jumamosi iliyopita walifika watatu, akawafundisha hadi saa nane.