Maji Safi ya Kisima

Binti yangu ana miaka minane, na akicheka hufunika mdomo kwa mkono. Mimi ndiye niliyemfundisha. Meno yake mawili ya mbele yalipoota na madoa ya kahawia, kama kikombe cha chai kisichosuguliwa, nilimwambia ni uvivu wa kupiga mswaki. Nilimsimamia kila asubuhi na chumvi na mkaa uliosagwa, akasugua mpaka fizi zikatoa damu. Madoa hayakutoka. Nikamnyima chai. Nikikumbuka hayo nataka kujizaba kofi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Natengeneza redio na feni mlangoni kwangu hapa mtaa wa Migosi, mke wangu anauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Otonglo, na majirani husema siku nikionekana mjini watanipiga picha. Kwa hiyo kumpeleka mtoto kwa daktari wa meno ilikuwa safari. Nilivaa viatu vya harusi.

Daktari, mwanamke kijana mwenye subira, aliuliza kwanza tunakunywa maji gani. Nikajibu kwa maringo: ya kisima, kiko ndani ya ploti tunamopanga. Akachukua karatasi akachora. Jino, alisema, limejengwa kwa madini ya jamii iitwayo apatiti, yaani kalisi na fosfeti. Mifupa pia ni hivyo hivyo. Ndugu zake wamo hata katika mawe ya volkano ya vilima vya upande wa Homa Bay, na mawe ya jamii hiyo ndiyo husagwa kutengenezea mbolea. Ni kama nyumba ya kupanga. Kuta ni kalisi na fosfeti, ila kuna chumba kimoja kinachobadilisha mpangaji: kwenye jino mara nyingi ni haidroksili, kwenye mawe mengi ni floridi, pengine kloridi. Floridi kidogo akiingia, jino huwa gumu zaidi. Wakija kwa wingi wakati jino bado linajengwa ndani ya fizi, ujenzi unaharibika, na hakuna mswaki wa kurekebisha.

Nadhani sekondari tulifundishwa mambo ya namna hiyo. Siku hiyo nilikuwa namchora mwalimu.

Nikauliza kuhusu mdogo wake, aliyekuwa na miaka miwili.

"Ya huyo bado yanajengwa," akasema. "Mbadilishie maji leo, Baba, si wiki ijayo."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, anayeishi ng'ambo ya barabara. Langoni petu alikuwa ametundika kibao cha rangi ya bluu: MAJI SAFI YA KISIMA. Sebuleni kwake nilikuta mtungi mkubwa wa maji ya dukani. Nilimweleza pole pole, kwa heshima, Mzee hivi, Mzee vile. Akatabasamu kama mtu anayemsaidia mjinga.

"Lakini Bwana, si yule mtu wa maabara aliandika ni ya kufulia tu? Mimi nilidhani mnajua."

"Aliandika lini?"

"Tulipochimba."

Alipochimba, huyu binti yangu mkubwa alikuwa bado tumboni. Niliyoyasema baada ya hapo hayaandikiki. Tuseme tu mke wake alifunga madirisha.

Daktari alikuwa amenitajia kwamba mifupa iliyochomwa sawasawa hunasa floridi majini, kwa kuwa nayo ni apatiti, ina kile chumba cha mpangaji. Akaonya kwamba hiyo ni kazi ya mafundi. Nami si ni fundi? Wa redio. Mifupa ya ng'ombe ingeleta maswali ya nani alichinja, kwa hiyo nikaleta mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishaondolewa. Jirani Msabato akataka kujua kama samaki huyo alikuwa na magamba. Nikaapa alikuwa nayo. Nikachoma kwenye debe, nikasaga, nikapitisha maji. Jirani Mwislamu akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Baba," akasema, "haya hayahitaji kitu tena. Leta tu ugali."

Ploti nzima ikacheka, nami nikacheka. Binti yangu pia, mkono mdomoni. Hapo hasira ikanirudia yote.

Nikachukua rangi nyeusi, mchana kweupe, Msabato akanishikia ngazi. Chini ya maandishi ya bluu nikaongeza: YA KUFULIA TU, NA MWENYE NYUMBA ANAJUA. Mzee akaja akifoka, nifute au nihame. Nikamwambia alete karatasi ya maabara tuibandike hapo, nami nitafuta kwa mkono wangu. Hajaileta. Sijahama.

Siku hizi tunakinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati na kuyachemsha. Mdogo sasa ana miaka mitatu, na kila asubuhi namwambia apanue mdomo. Meno yake ya utoto ni meupe, hayaniambii lolote. Yale ya kudumu yako ndani ya fizi, yanajengwa, na sijui ni wapangaji wangapi walioingia kabla sijavaa vile viatu vya harusi.