Wifi anataka niache dawa ya moyo ili ninenepe kabla ya sendofu

Binti yangu anaolewa, na daktari kasema moyo wangu umeshindwa kazi! Haya, sasa ndiyo niwasalimie. Hamjambo wote, na wakubwa zangu shikamooni. Admin, jina langu lifiche.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, niliishia darasa la saba. Naishi Maisaka hapa Babati, nalima mahindi na maharage. Binti yangu ni mwalimu wa sekondari, anafundisha Fizikia. Fizikia, jamani! Ile iliyowatoa jasho wavulana wa mtaa mzima. Nimemzaa mimi.

Nilikuwa mnene na nilijivunia. Nikipita sokoni vijana wa bodaboda wanapiga kelele, "Mama Mwalimu, wewe ni wa bajaji!" Nawajibu, "Nunueni basi kabisa, nitalijaza." Sukari ninayo, presha ninayo, tumbo ndiyo usiseme, ila nani aliona ni ugonjwa? Hata miguu ilipojaa viatu vikakataa kuingia, wifi yangu, dada wa mume wangu, alinipigia vigelegele: "Neema imeshuka mpaka vidoleni!" Nikacheka, nikanunua ndala kubwa zaidi. Halafu siku moja natoka shamba na ndoo ya maharage, nikakaa chini katikati ya njia, pumzi hakuna.

Hospitali, daktari akabonyeza mguu wangu, kidole chake kikaacha shimo. Akasema, "Mama, hii siyo neema, ni maji. Sukari, presha na mafuta ya tumboni vimeuchosha moyo wako kwa pamoja, hausukumi damu inavyotakiwa." Akanipa dawa, pamoja na kidonge cha kutoa maji mwilini, na chumvi akanikataza. Basi nikakojoa, jamani, nikakojoa neema yote! Sasa nalala vizuri, napumua, na magauni yote yananing'inia.

Wiki hii wifi kaja. Kanizunguka kama anakagua ng'ombe wa mnadani. "Wifi, wakwe wakukute hivi? Si watasema kaka yangu hakulishi! Acha hicho kidonge cha maji mpaka sherehe ipite, mashavu yarudi. Tukishapiga picha utaendelea nacho."

Nikamwambia, "Wifi, mashavu unayoyataka ni maji. Kama unapenda maji, Ziwa Babati lipo palepale, kapige nalo picha."

Kanuna. Lakini hakuishia hapo. Katika ukoo wetu, siku ya kumuaga binti kwenye sendofu, mama yake ndiye anayeanza kunywa supu ya kondoo mbele ya wakwe, bakuli zima, mafuta yanaelea juu na chumvi imekolea. "Ukikataa bakuli, umewakataa wakwe," wifi kasema. Na mume wangu, ambaye nilidhani atanitetea, kaniangalia kwa unyonge: "Mama Mwalimu, si siku moja tu?"

Nikampigia binti yangu simu. Akasema, "Mama, nikijifungua, nani atakuja kuniogeshea mtoto? Picha?"

Hapo nililia. Nikafuta machozi, nikameza kidonge changu mbele ya wifi, na maji nikayanywa kwa madaha.

Kwa hiyo dawa siachi, kwa hilo sihitaji ushauri wa mtu. Kinachonisumbua ni bakuli. Nikilikataa hadharani, nisije nikamwachia binti yangu maneno ya ukweni. Nikinywa, nitajaa tena na pumzi itakata. Nishike kipaza sauti niwaambie wakwe ukweli wote? Au niguse kwa midomo tu, nimpe wifi amalizie, maana yeye ndiye anayeipenda? Ninyi mliokwisha kuozesha mabinti, nipeni akili zenu.

Ila msichelewe. Na aliye Babati aje mwenyewe aone. Mtanijua tu: ni yule mama wa gauni la kijani lililopunguzwa kiunoni, anayemtoa binti yake kwa kucheza polepole, kwa pumzi zake mwenyewe. Nawasubiri wote, Jumamosi ya wiki ijayo, saa nane mchana.