Racheti iliyomrudisha Thelma kwenye vizimba vya Ashcombe

Saa mbili asubuhi, barafu nyembamba imetanda pembezoni mwa mfereji, na mashua ya makaa ya mawe iitwayo Plover inaingia polepole kwenye kizimba cha chini kabisa cha Ashcombe. Ubavu wake unakwaruza ukuta wa mawe. Nyuma, kwenye usukani, amesimama Beryl Hodgkiss, skafu imemfunika hadi puani.

Juu ukutani, mdogo wake Thelma ameipa mgongo boriti ya lango na kuisukuma kwa makalio, kama wafanyavyo watu wote wa mfereji huu. Lango linajifunga. Anatembea hadi upande wa pili, anachomoa kiunoni chuma kirefu chenye kichwa cha duara kama kopo la rangi ya viatu, anakivika kwenye ncha ya mhimili, kisha anavuta kuelekea chini kwa mikono miwili.

Krr. Anainua mkono. Anavuta tena. Krr.

"Nusu kwanza!" Beryl anapaza sauti kutoka shimoni. "Unataka kunipigiza ukutani?"

"Ningetaka ningefanya zamani," Thelma anajibu, bila kugeuka.

Maji yanaanza kuingia yakivuma, na Plover, pamoja na magunia yake na Beryl wake, inapanda.

Kazi yenyewe ni hiyo. Kizimba ni chumba cha mawe kisicho na paa, chenye malango mbele na nyuma. Mashua huingia, maji huongezwa au hupunguzwa, nayo hupanda au hushuka mlima; hapa Ashcombe vizimba vimefuatana hadi juu. Maji hupitia matundu yaliyozibwa kwa mbao nzito zilizo chini kabisa, na kila kizibo huinuliwa kwa mtambo wa meno unaozungushwa kwa hendeli. Ulimi mdogo wa chuma huangukia kati ya meno na kuzuia kizibo kisirudi.

Thelma, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, alianza kuzungusha hendeli hizo kabla hajafika kimo cha mtambo wenyewe. Baba yao alibeba makaa kwenye mfereji huuhuu. Mabinti walipokua waliukimbia, wakaenda kufanya kazi katika kiwanda cha vyombo vya udongo, Thelma akipaka rangi ukingo wa vikombe na Beryl akipanga sahani tanuruni. Kiwanda kilipofungwa, wakarudi majini.

Wateja wao ni watu wanaoishi ndani ya mashua, zilizofungwa huku na kule kwenye kingo ambazo gari halifiki. Wengi ni wazee. Majira ya baridi, jiko la makaa likizimika humo ndani, hakuna ukuta wa jirani wa kukupa joto.

"Watu hudhani tunauza makaa," anasema Beryl. "Tunauza makaa na umbea. Kama ni makaa peke yake tungeshafilisika."

Ajali ilitokea Oktoba, mwaka juzi, kwenye kizimba cha juu kabisa. Mvua ilikuwa ikinyesha, na Thelma alivaa glovu za sufu zilizolowa. Aliinua kizibo, akasikia mlio alioujua, tak, akaamini kwamba ulimi umeshika. Ulikuwa umegonga ncha ya jino tu.

Siku hiyo ulimi uliteleza. Kizibo kikaanguka kwa uzito wake wote, mtambo ukazunguka kinyumenyume, na hendeli ikawa inakata hewa.

"Kila mtoto wa mfereji anafundishwa hivi: hendeli ikikutoka, iache, kimbia," anasema Thelma. "Nilijua. Mkono haukuningoja nifikiri. Ulikwenda kuidaka."

Mifupa yote miwili ya mkono wa kulia, chini ya kiwiko, ilivunjika. Beryl, aliyekuwa usukanini, anasema alisikia mlio kama wa kijiti kikavu. "Nikasema moyoni, huyo naye kakanyaga tawi. Halafu nikaona hapigi kelele. Thelma akinyamaza, ujue kuna msiba."

Madaktari waliunga mifupa kwa vyuma, na ikaungana vizuri. Nguvu ya kiganja haikurudi. Alipojaribu kufanya kazi majira ya machipuko, vizibo vilimgomea. Aliweza kuzungusha hendeli nusu duara, ikifika pale inapobidi kuisukuma kwenda juu, kiganja kinafunguka chenyewe.

Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu kwa muda mrefu. "Nikisikia ule mlio, tak, natoka jasho mgongoni. Nilikuwa nasingizia mkono. Mkono ulikuwa nusu ya kisa."

Beryl, aliyemtangulia kwa miaka saba, hakuweza kumpokea kazi. Magoti yake yalikuwa yameshakataa ngazi. Wakaitangaza Plover kuuzwa, na mwanamume mmoja kutoka kusini akapiga simu. Alitaka kuigeuza mgahawa wa kahawa.

"Kahawa!" anasema Beryl. "Baba angefufuka, akainywa hiyo kahawa, akafa tena."

Mtu aliyebadilisha mambo, bila kukusudia, ni Idris Wooding, mhunzi anayefua viatu vya farasi katika banda lililo karibu na daraja la Ashcombe. Beryl alikuwa amempelekea bawaba ya mlango wa jiko. Thelma alifuatana naye tu, ila walipokuwa wakisubiri akauliza:

"Idris, unaweza kunitengenezea mkono?"

"Mimi natengeneza viatu."

"Na wateja wako hawajawahi kulalamika?"

"Wananipiga mateke. Wewe je?"

"Inategemea kazi."

Dukani kulikuwa na hendeli nyepesi za alumini, na Thelma alikuwa ameshanunua. Zilipumzisha bega wakati wa kutembea, lakini kizibo hakikujua kwamba hendeli imekuwa nyepesi. Zilikuwapo pia zenye mpini mrefu. Hizo zilirahisisha kuinua, ila nyingi zilikwama njiani, kwa sababu mpini mrefu ukizunguka duara zima hugonga boriti au nguzo ya pembeni.

Thelma alitaka mpini mrefu usiozunguka. Avute kutoka usawa wa bega hadi kiunoni kwa uzito wa mwili, mahali ambapo hata kiganja dhaifu hakidondoshi kitu, kisha arudishe mkono juu bila kuuzungusha mtambo. Alimweleza Idris kwa kuigiza kuvuta mpini hewani katikati ya banda, huku farasi mmoja akimtazama.

"Unataka racheti," akasema Idris. "Kama spana ya gereji."

"Sijui inaitwaje. Nataka hivyo."

Idris alichukua racheti ya lori bovu, akaichomelea mpini na tundu la mraba. Ya kwanza kichwa chake kilikuwa kinene mno, ikawa inachomoka kwenye mhimili. Ya pili ilipasuka Thelma alipoiegemea. Aliirudisha vipande viwili ndani ya kikapu cha ununuzi, akaviweka mezani.

"Umeiumiza," Idris akasema.

"Ameanza yeye."

Ya tatu ilishika. Idris aliifua kwa chuma kizuri zaidi, akaupinda mpini kidogo ili Thelma asimame pembeni ya mtambo badala ya mbele yake. Thelma haipi sifa isizostahili. "Haizuii ajali. Ulimi ukiteleza, na hiki nacho kitarushwa kama hendeli ile. Tofauti ni kwamba mimi sitakuwa njiani." Kushusha vizibo bado anatumia hendeli ya zamani, maana kushusha hakuhitaji nguvu bali utulivu.

Hata hivyo racheti ilikaa ndani ya mashua majuma kadhaa bila kupandishwa Ashcombe. Thelma aliitumia kwenye vizimba vidogo vya bondeni tu. Mnunuzi alikuwa amekubali bei, na angefika Jumamosi kupima chumba cha mbele.

Ndipo, Desemba iliyopita, baridi ikaja mapema. Juu ya Ashcombe, mahali ambapo njia ya gari ilikuwa imefunikwa na maji yaliyoganda, alikuwa akiishi Nesta Pargeter, mjane aliyepooza mkono wa kulia baada ya kiharusi. Alimpigia Beryl simu akiwa mchangamfu, akauliza habari za magoti, akasimulia habari za paka wake. Mwisho akasema kwamba ameanza kuchoma rafu za vitabu.

"Vitabu je?" Beryl aliuliza.

"Vitabu bado. Navisoma kwanza."

Beryl alikata simu akasema wangetafuta mtu mwenye trekta. Thelma alikuwa ameshaanza kufungua kamba.

"Unafanya nini?"

"Tunapanda."

"Kwa mkono upi?"

"Kwa huu nilionao. Dada, washa injini."

Walipanda. Beryl anakiri kwamba njia nzima alikuwa akitukana, maana akinyamaza alikuwa anasikia moyo wake. Racheti ililia kizimba baada ya kizimba. Kwenye vizibo vigumu Thelma aliunyanyua mguu mmoja na kuning'inia kwenye mpini kama nguo kwenye kamba, na kizibo kikaja.

Kwenye kizimba cha juu, alisimama.

Alikuwa ameshavika racheti kwenye mhimili. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya mpini. Hakuvuta. Beryl alimwita, akamwita tena, kisha akaacha kumwita.

Kuna ngazi ya chuma iliyopachikwa kwenye ukuta wa kila kizimba, nyembamba na yenye utelezi wa ukungu wa kijani. Beryl hakuwa amepanda mojawapo kwa miaka mingi. Alizungusha kamba ya mashua kwenye nguzo, akaipanda ngazi, kidato kwa kidato, akitaja majina ya watakatifu asiowaamini. Alipofika juu alitambaa, akasimama, akakagua pale ulimi ulipoingia kati ya meno, akauweka chini ya kidole gumba na kuukandamiza.

"Nimeushika ulimi," akasema. "Vuta."

Thelma anasema hakujua jibu lingetoka wapi, ila lilitoka. "Wa kwako ndio haujawahi kushikwa na mtu."

"Vuta, mwehu wewe, naganda."

Akavuta. Krr. Ulimi ukaruka jino moja chini ya gumba la Beryl, ukaanguka, tak. Akavuta tena. Maji yakaanza kuvuma chini yao.

Hawakukumbatiana. Beryl alilalamika kuhusu magoti, na Thelma akamwambia abaki hapohapo juu, yeye ataitoa mashua kizimbani. Machozi yalikuwapo, wote wawili wanakubali, ingawa kila mmoja anasema ni ya mwenziwe.

Nesta alipokea magunia yake mchana huo. Akiwa ameketi mlangoni na blanketi magotini, aliona kile chuma kiunoni mwa Thelma, akaomba kukishika kwa mkono wake mzima. Alikipima uzito. Kisha akataka kupelekwa kwenye mtambo wa kizimba kilicho hatua chache kutoka mashuani kwake.

Alivuta mara moja kwa mkono wa kushoto. Chuma kilikuwa kizito kwake na kirefu kuliko mkono wake, lakini mtambo ulisogea.

"Alicheka mpaka paka akakimbia," anasema Thelma. "Mashua yake haijatoka pale tangu augue. Ina injini nzima, kila kitu kizima. Kilichomfunga ni vizibo tu."

Mnunuzi alifika Jumamosi na kipimo chake mkononi. Beryl alimpokea kandokando ya maji, akamwomba radhi, akampa kikombe cha chai na mkate wenye nyama, akamwambia mashua imepata kazi. Mwanamume huyo aliula mkate wote, akasema angalau hawakumdanganya kwenye simu kuhusu uzuri wa mashua, akaondoka.

Tangu wakati huo, watu kadhaa wa mfereji wenye mikono ya baridi yabisi wamemfuata Idris wakitaka racheti. Amewakatalia wengi. Anasema kila moja yataka kupimwa kwa mwili wa mwenyewe, na yeye farasi hawajapungua. Akamwambia Thelma kwamba kama anaona uchungu sana, banda liko wazi.

Kwa hiyo sasa, siku ambazo makaa yamekwisha kuuzwa, Thelma huvaa aproni ya ngozi ya mhunzi na miwani ya giza, na kujifunza kufua. Nyundo anaishika kwa mkono wa kushoto. Kipande anachokitengeneza ni kifupi, chepesi, na kina mkanda wa kufunga kwenye kifundo cha mkono, ili mtu mwenye kiganja kimoja asilazimike kukitafuta kikimponyoka.

"Anachomelea kama mtu anayemwaga uji," anasema Idris.

"Uji ukipoa unashika," Thelma anamjibu.

Vipande viwili vya kwanza vimeharibika. Cha tatu bado kimebanwa kwenye jiliwa la mezani, kimepinda upande mmoja, na anadhani atakivunja aanze upya. Hana haraka. Anataka kiwe tayari Mei, maji yakishapata joto kidogo, kwa sababu Nesta amesema anataka kuishuka Ashcombe yote kwa mkono wake, afike mjini, ajinunulie samaki na chipsi, ale akiwa amesimama barabarani kama watu wengine.

Thelma amepanga kumfuata nyuma na Plover, umbali wa kizimba kimoja.

"Nitamtazama tu," anasema. "Sitamfungulia hata kizibo kimoja. Akiniita nimsaidie, nitamwambia Beryl aongeze moto injini, nisimsikie."