Anakamwa Upande Gani?

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumamosi moja ya baridi pale Kapseret, nilipoiwekea kompyuta ya ofisi mfumo mpya bila kumwambia mtu. Imenirudia tangu jana, uliponipigia simu kutoka Kesses ukiongea kwa sauti ndogo kama mtu aliyejificha stoo. Ulisema umeweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya maktaba, sasa ile programu ya zamani ya vitabu haifunguki kabisa, na mama unayefanya kazi naye bado hajui. Kisha ukaniuliza kama si afadhali unyamaze hadi Jumatatu. Mimi nikaanza kucheka, nawe ukakata simu. Nisamehe, Naliaka. Sikukucheka wewe. Nilijicheka mwenyewe, na ngoja nikueleze kwa nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka kwetu Bungoma, nimesomea kompyuta miezi sita katika chuo kimoja mjini Eldoret, na nilikuwa na tai moja ambayo niliivaa kila siku, hata siku za matope. Nilipata kazi ya ukarani katika ofisi ndogo ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kazi yetu kubwa ilikuwa kuweka tarehe. Mfugaji akipandishiwa ng'ombe wake, daktari wa mifugo anaandika kwenye kadi, kadi inaletwa kwetu, nasi tunaingiza kwenye kompyuta. Programu inahesabu miezi tisa na siku zake, inakuambia ng'ombe huyu aachwe kukamwa lini na atazaa lini. Watu walitoka mbali kuja kuuliza hiyo tarehe moja tu.

Programu yenyewe ilikuwa nzee hata wakati huo. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, hakuna picha, hakuna kipanya. Ilikuwa na mambo yake. Jina la ng'ombe, kwa mfano, haikukubali lizidi herufi nane; zilizobaki ilizikata bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana wafugaji wengi walijikuta wakiwaita ng'ombe wao kwa majina yaliyokatwa mkia. Mama Wairimu, mjane mwenye duka karibu na steji ya matatu, alikuwa na ng'ombe mmoja aliyeitwa Nyakinyua. Kwetu alikuwa NYAKINYU, na baada ya mwaka mmoja hata yeye alimwita hivyo akimpelekea majani.

Mwenye programu, tuseme hivyo, alikuwa Mama Chebet. Yeye ndiye aliyekuwa karani mkuu, mama wa miaka hamsini hivi, sweta ya bluu, vidole viwili tu vya kuchapia. Alinifundisha kazi yote, na kila saa nne alinimiminia chai kabla hajajimiminia yeye. Nilimpenda, na sioni haya kusema. Lakini ile skrini nyeusi niliionea aibu. Wenzangu wa chuo walikuwa na ofisi zenye kompyuta za rangi, na mimi nilikuwa kama mtu anayekaa kwenye giza na herufi za kijani.

Basi Mama Chebet akapata mjukuu, akaomba ruhusa ya siku chache akamsaidie binti yake. Ijumaa akaondoka. Jumamosi mimi nikaja ofisini peke yangu na diski ya mfumo mpya niliyoazima kwa rafiki. Nilitaka arudi akute maajabu. Na kwa vile nilikuwa naisafisha ofisi nzima, nikachukua zile kadi za zamani za daktari, nikawashia jiko. Nilijiambia kwamba ya nini kuweka karatasi, na yote yako ndani ya kompyuta.

Kompyuta ikawaka na picha ya kilima cha kijani, mawingu meupe juu yake. Nilikaa nikakiangalia kilima hicho kwa furaha kama mtu aliyenunua shamba. Kisha nikaifungua programu ya ng'ombe. Dirisha jeusi likatokea, likapepesa, likapotea. Nikajaribu tena, likapepesa, likapotea. Nilijaribu hadi chai ikapoa kikombeni.

Nilikuja kuelewa baadaye kilichotokea, nawe nadhani unakijua kuliko mimi. Mfumo ndio unaoiendesha kompyuta yote, na programu ni mpangaji tu ndani yake. Ile programu yetu ilizoea nyumba ya zamani, ambamo iliingia jikoni yenyewe ikajipakulia. Mfumo mpya ulikuwa na milango na kufuli, ukataka kila mtu abishe hodi. Programu haikujua kubisha hodi. Tarehe zote zilikuwa bado mle ndani, lakini hakukuwa na wa kuzisoma.

Hadi hapo, mwanangu, lilikuwa kosa la kijana asiyejua. Kosa lenyewe lilikuja Jumatatu.

Jumatatu asubuhi Mama Wairimu aliingia na mkoba wake. Alitaka kujua Nyakinyua atazaa lini, kwa sababu Alhamisi alikuwa na safari ya Nyeri. Msichana wa kaka yake alikuwa analetewa ruracio, yaani mahari, na yeye ndiye shangazi wa kusimamia wapishi.

"Unajua mimi si mtu wa ng'ombe," akaniambia. "Mimi ni mtu wa duka. Huyu niliachiwa na marehemu mzee wangu. Na ile mara ya mwisho alizaa akaanguka, akashindwa kusimama. Kama si daktari angekufa. Sasa nataka nikuwe karibu, na daktari nimwambie mapema."

Ng'ombe wake wa pekee, mwanangu. Maziwa ya huyo ng'ombe ndiyo yaliyosomesha watoto wawili. Na mimi, badala ya kusema kompyuta imekataa, nikageuza macho kwenye kile kilima cha kijani kana kwamba nasoma kitu. Nilikumbuka kwa mbali kwamba alipandishwa wakati wa mvua. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza.

"Bado wiki tatu, Mama," nikasema. "Safiri tu."

Alifurahi sana. Akanitolea avokado mbili kutoka kwenye mkoba, akaziweka mezani, akaniombea nipate mke mzuri. Akaenda zake. Zile avokado zilikaa pale siku mbili nikiziangalia. Sikuweza kuzila.

Jumatano Mama Chebet akarudi, amechoka na ana furaha ya mjukuu. Akakaa mbele ya kompyuta, akatazama.

"Hii ni wapi?"

"Ni picha tu, Mama."

"Ni kuzuri," akasema. "Na ng'ombe wako wapi?"

Nikamwambia ni mambo ya stima, itarudi sawa. Sijui kama aliniamini. Alivua koti, akaweka maji ya chai kwenye jiko, akaziona avokado. Akauliza ni za nani. Nikasema ni za Mama Wairimu. Akauliza Mama Wairimu alikuja kuuliza nini. Hapo nikamwambia yote: diski, kadi, jiko, wiki tatu za uongo. Nilitegemea anifukuze. Nilikuwa tayari nimeanza kuilegeza ile tai.

Mama Chebet akaniuliza swali ambalo sikulielewa.

"Huko kwenu Bungoma, mtu akinunua ng'ombe, anauliza nini?"

"Anauliza bei, Mama."

"Na wakishamaliza bei?"

Nikafikiri. Nikamkumbuka baba yangu siku aliponunua ng'ombe kwa jirani. Kabla hajafungua kamba alimuuliza jirani jina la ng'ombe, anapenda majani gani, na anakamwa upande gani. Maana ng'ombe aliyezoea kukamwa upande wa kulia, ukimwendea wa kushoto siku ya kwanza, atapiga ndoo teke na kuzuia maziwa.

"Anauliza anakamwa upande gani," nikasema.

"Sasa wewe Wafula, huyu umemhamisha nyumba. Ulimuuliza mtu anakamwa upande gani?"

Nikasema hapana.

"Ndiyo maana ametuficha maziwa." Akanimiminia chai. "Hiyo ni ujinga tu, na ujinga inaisha. Hata mimi nilifuta mwezi mzima siku moja. Lakini kumpatia mama wa watu tarehe ya kichwa yako, hiyo si ujinga. Hiyo ulijua. Usiwahi nirudishia hiyo hapa ofisini. Kunywa haraka, twende."

Sijawahi kuchapwa kiboko kilichoniuma kama maneno hayo, na yalisemwa polepole kabisa.

Mama Chebet aliimba kwaya katika kanisa moja pale mtaa wa Pioneer, Eldoret, na alijua kwamba kwenye ofisi ya kanisa kulikuwa na kompyuta ya zamani ya kuchapia nyimbo, ambayo hakuna aliyejisumbua kuibadilisha. Tukainakili programu na tarehe zake zote kwenye diski ndogo mbili, zile za mraba, tukaenda nazo amezifunga kwenye leso. Nikaingiza ya kwanza, nikaingiza ya pili. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani. Mwanangu, sijawahi kuona rangi nzuri kama ile. Nilikuwa nimeiita ushamba miezi minane, na siku ile nilitaka kuikumbatia.

Tukatafuta NYAKINYU. Tarehe ya kuzaa: kesho yake, Alhamisi.

"Mimi nitapitia kwa daktari," akasema Mama Chebet. "Wewe utaenda kwake. Na utamwambia kwa mdomo yako."

Nikapanda boda boda ya baiskeli kurudi Kapseret, na kwenye vilima tulishuka tukasukuma wote wawili. Nilimkuta Mama Wairimu amefunga mizigo, kiondo kiko mlangoni, viatu vya safari vimepigwa rangi. Nikasimama uani, nikasema kwamba sikuwa na tarehe siku ile, nilikisia, na ng'ombe anatarajiwa kesho.

Aliniangalia hadi nikatamani ardhi inimeze.

"Kwa hivyo ulinidanganya na ukala avokado zangu."

"Sijazila, Mama."

Hakucheka. Aliingia ndani, akatoka amevaa viatu vya gambuti. Safari ya Nyeri iliishia hapo. Wapishi walisimamiwa na mtu mwingine, na nilisikia kwamba wali uliungua. Hilo pia ni langu, na sikupata tena nafasi ya kulirekebisha.

Nyakinyua alizaa Ijumaa saa sita mchana, maana ng'ombe hawasomi tarehe kama sisi. Alizaa vizuri, ndama jike. Baada ya saa chache miguu ikamwishia nguvu, masikio yakawa baridi, akalala chini shingo imepinda, vilevile kama mara iliyopita. Lakini safari hii daktari alikuwa ameshaambiwa, akaja upesi, akamwekea dawa ya kalsiamu kwenye mshipa. Mimi nilishika chupa juu hadi mkono ukafa ganzi. Mama Wairimu alikuwa amepiga magoti kwenye matope, anamsugua shingo na kumwita kwa jina lake zima. Jioni haijafika, Nyakinyua akasimama.

Ndama aliitwa Diski. Mama Wairimu ndiye aliyemwita hivyo, na alisema akiniangalia mimi, na hapo ndipo alipocheka. Mama Chebet akasema ni jina zuri, herufi tano tu, halikatwi.

Kisha tukafanya kazi ambayo nilipaswa kuanza nayo. Kila mchana kwa wiki kadhaa tulikwenda Pioneer, yeye anasoma kwenye ile skrini ya kijani, mimi naandika kwenye daftari, ng'ombe mmoja mmoja, ndipo tukaziingiza upya kwenye mfumo wa kilima. Yale majina tuliyarudishia mikia yake.

Mama Chebet tulimzika mwaka jana, unakumbuka. Uliniuliza kwa nini nililia vile kwa mtu ambaye hakuwa wa ukoo. Mama Wairimu alikuja mazishini na mtungi wa maziwa, mzee sasa, fimbo mkononi. Akaniambia ni ya kizazi cha Diski. Nililia kwa sababu hiyo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kubadilisha mfumo si dhambi. Vya zamani lazima vihamishwe siku moja, nami sikuambii ukae gizani kwa heshima ya wazee. Ninachokuambia ni uulize kwanza. Yule mama wa maktaba ameishi na ile programu miaka mingi, anajua inakamwa upande gani, na hakuna kitabu kitakachokufundisha hilo. Usifute chochote. Usichome kadi hata moja. Tafuteni mashine nzee pamoja, lazima kuna mahali imesahauliwa moja. Mwanafunzi akija kukuuliza kitu, na wewe huna jibu, mwambie huna. Neno "sijui" linachoma sekunde moja. Zile wiki tatu zangu bado zinanichoma, nami ni mzee wa mvi.

Na usingoje Jumatatu. Mimi Jumatatu ndiyo iliyoniharibia.

Mungu akupe moyo mwepesi wa kukiri. Akujalie mtu wa kukuambia ukweli huku akikumiminia chai, kama nilivyojaliwa mimi, na mikono yako isiache kitu cha mtu kipotee. Nawe ukizeeka, na kijana akupigie simu kwa sauti ndogo, umpokee vizuri kuliko nilivyokupokea. Beba avokado mbili unapokwenda kumwona yule mama. Yeye akizikubali, kaeni mzile pamoja.