Vibandiko Vinne Kwenye Gauni la Dada

Usiku ule Dada Rehema aliingia bila hodi, kama alivyozoea kuingia kwenye kibanda changu cha mitumba. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu tumzike. Alikuwa mwalimu wa baiolojia sekondari, na vidoleni bado alikuwa na vumbi la chaki.

Arobaini yake ilishapita, na nguo zake nilikuwa sijazigawa. Magauni kumi na moja. Nilihesabu tena: kumi na moja. Shangazi, ninayekaa naye, aliniuliza kila wiki, nami kila wiki nikamjibu kwamba nazifua. Hakuna nguo duniani zilizofuliwa namna ile.

Namwona ameketi juu ya robota la mitumba, gauni lake la bluu mapajani. Kibanda kimeshakuwa darasa. Ubaoni kuna mchoro wa seli. Anachukua vibandiko vyangu vya bei, anabandika kimoja kwenye gauni.

“Dada, hilo haliuzwi.”

“Nani kasema nauza? Seli ikiwa na protini iliyomaliza kazi, inaibandika alama ndogo, moja juu ya nyingine. Zikifika nne, protini inapelekwa kuvunjwa.”

“Halafu inatupwa?”

“Itupwe wapi? Vipande vyake vinajenga protini nyingine.”

Akabandika cha pili, cha tatu. Cha nne nikakibandua.

“Tuishie vitatu,” nikasema. “Mimi mdogo wako, si mteja wa kupita.”

Akacheka kile kicheko chake cha puani. Nilikuwa na hamu nacho. Akakirudisha cha nne. Nikakibandua. Akakirudisha.

“Seli nayo hubandua,” akasema, “kama bado ina kazi na protini ile. Wewe una kazi gani na gauni langu?”

Nataka kusema: nalinusa. Nataka kusema: kaa kidogo, hata dakika tano, nitakupa robota zima. Anakibonyeza kibandiko kwa kidole gumba, taratibu, kama anayefunga bahasha.

“Wape,” anasema.

Nikaamka. Nje, Shangazi alikuwa anafagia. Nikamtolea gauni la bluu kwanza, kabla sijajionea huruma. Akaegemeza ufagio ukutani, akalipima kwa macho, akageuza pindo.

“Rehema alikuwa mwembamba,” akasema kwa sauti ya chini. “Halimtoshi mtu hapa. Nilifumue? Yatatoka mawili ya wajukuu.”

Nikaenda kumletea mkasi.